Ndoto ya Samunge na Kipimo cha Damu

Wazazi, walezi, na ninyi wahitimu wa afya mnaokwenda kuhudumia Karatu na Ngorongoro: mwaka 2011 barabara ya Samunge, Loliondo, ilijaa magari yaliyobeba wagonjwa kutoka kila pembe ya nchi na hata Kenya. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu, alisema Mungu alimwonyesha ndotoni dawa ya mti wa mugariga. Kikombe kimoja, shilingi 500, na mtu angepona UKIMWI, kisukari au saratani. Tangu hapo watu wanabishana: Babu alisikia sauti ya Mungu, au akili ilimruka? Naona swali hilo limekosewa tangu mwanzo.

Tabibu wa akili hamwiti mtu mgonjwa kwa sababu tu ameota au amesikia sauti. Angefanya hivyo, angewalaza wodini Wamaasai wote wanaosali chini ya mlima Oldoinyo Lengai. Hutazama kama imani ya mtu inaeleweka kwa jamii yake, kama analala, anakula na kutunza nyumba yake, kama bado anaweza kumsikiliza mwenzake. Lakini utimamu wa mwotaji hauthibitishi alichoota, na hapo ndipo wengi wetu tulipoteleza. Ndoto ni siri yake na Mungu wake; neno "umepona" linahusu damu ya mtu mwingine, na damu ina kipimo. Wapo waliorudi kutoka Samunge wakaacha ARV, dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI, na virusi vikaendelea na kazi yake.

Mtaulizwa: nani amewapa mamlaka ya kumpima Mungu? Jibuni kwa heshima kwamba kinachopimwa ni sukari. Mtaambiwa pia kwamba wapo waliopata nafuu. Msiidharau nafuu hiyo. Aliyekesha njiani na maelfu wenye shida kama yake, kisha akapokea kikombe mkononi mwa mzee aliyemwombea, moyo wake ulitulia, na utulivu huo waweza kuwa wa dini kabisa. Ila kongosho la mwenye kisukari halikupona kwa utulivu huo. Kwa hiyo mgonjwa akija kituoni Mang'ola au Endulen akasema ameonyeshwa aache vidonge vya ARV, msimcheke wala msimwite mwehu. Muulizeni ameonyeshwa nini, kwao wanasemaje, usingizi wake ukoje. Mpimeni wingi wa virusi, na virusi visipoonekana, mwelezeni taratibu kwamba bado vimo mwilini, na kwamba vidonge anavyotaka kuviacha ndivyo vilivyovifanya visionekane.