Mchanga wa Chini ya Tangi na pH ya Maji: Mada kwa Wafugaji na Wauzaji wa Samaki wa Mapambo, Masaki, Kisarawe



Masaki tulikokutana leo ni ya Kisarawe, siyo ile ya rasi ya Msasani ambako matangi ya samaki hupamba mapokezi ya hoteli. Hata hivyo wanaofuga kule wanahitaji mchanga, na sisi wa Kisarawe na Kibaha tunakaa juu ya mchanga. Wateja wengi huuliza rangi tu: mweupe, mweusi au wa dhahabu? Wachache huuliza umetoka wapi, na hilo ndilo swali linaloamua kama samaki wataishi.

Nianze na kipimo chenyewe. pH huhesabiwa kwa kawaida kuanzia 0 hadi 14. Katikati ni 7. Chini ya hapo maji yana tindikali, juu yake yana alkali. Kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo maji yaliyotoka 7 kwenda 8 yamebadilika sana hata kama macho hayaoni kitu.

Mfugaji huyaona mabadiliko hayo kwa samaki waliokufa, na sababu yake kubwa ni amonia. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na mabaki ya chakula yakioza huongeza nyingine. Ndani ya maji amonia hukaa katika hali mbili, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine ya sumu, na pH ndiyo inayogawa. Katika maji ya nyuzi joto 26, kwenye pH 7 sehemu ya sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 inakaribia asilimia 6. Kwenye pH 9 inakaribia 40. Samaki ni walewale, chakula ni kilekile, lakini aliyemwaga mchanga wa matumbawe chini ya tangi ameongeza sumu mara kadhaa bila kuongeza samaki hata mmoja. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mchanga ni pambo tu.

Sasa tuyaangalie mawe yenyewe. Yanayopandisha pH ni yenye kalsiamu kaboneti: matumbawe, makombe, chokaa na marumaru. Samaki wanapopumua hutoa hewa ya ukaa, hewa hiyo huyapa maji tindikali kidogo, tindikali inalila jiwe, na jiwe linapoyeyuka huacha bikaboneti inayoyafanya maji yawe magumu na pH ipande. Chembe zikiwa ndogo kazi hiyo huenda haraka, kwa sababu eneo linaloguswa na maji ni kubwa. Wazo Hill wanakochoma saruji ni kilima cha mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale, kwa hiyo kokoto za ukanda ule wa Kunduchi zisiingizwe tangini bila kupimwa. Mchanga wa ufukweni nao una vipande vya makombe, na ziada yake ni chumvi. Tena kuuchota huko ni kuula ufukwe: Kunduchi wameshaona bahari ikisogea, na uchimbaji wa mchanga kwenye vijito vinavyolisha ufukwe ule umetajwa miongoni mwa sababu.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Zile chembe nyeupe za terazo zinazong'aa, ambazo mteja huziona safi kuliko chochote, kwa kawaida ni marumaru iliyosagwa. Marumaru ni chokaa iliyopikwa na joto la ardhi, na tangini inafanya kazi ileile ya matumbawe, ila polepole, hivyo mwenye tangi huchelewa kujua kinachowadhuru samaki wake.

Upande wa pili kuna mawe yasiyogusa pH. Mchanga wa mto uliooshwa vizuri, ambao sehemu kubwa ni chembe ngumu za silika, na kokoto za itale, ni salama. Milima ya Pugu hapa jirani ina mawe ya mchanga yaliyochanganyika na kaolini, ule udongo mweupe uliochimbwa hadi yakabaki mapango wanayokaa popo. Kaolini haipandishi pH. Kero yake ni nyingine: inayafanya maji yawe kama tui, na mchanga wake unahitaji kusuuzwa mara nyingi mno. Changarawe nyekundu ya barabarani nayo haina chokaa ya kutisha, lakini inatia maji rangi, na mimi siipendi.

Kwa wanaodhani haya ni mambo ya vioo na umeme tu, mfano mzuri uko Soga, Wilaya ya Kibaha. Katika madimbwi ya msimu ya eneo lile huishi samaki mdogo mwenye rangi kali, Nothobranchius foerschi, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1979 na wataalamu Wildekamp na Berkenkamp. Dimbwi likikauka samaki wote hufa, mayai hubaki ardhini yakisubiri mvua. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakimzalisha kwa miaka mingi, wakati sisi tunapita na baiskeli pembeni ya dimbwi lake. Mwanajiolojia Brian Watters, aliyewachunguza samaki wa ukoo huu Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba wanategemea madimbwi yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, ambao maji yake huelekea kwenye alkali kidogo. Kwenye udongo mwekundu au wa kaolini, wenye tindikali, hawapatikani, hata dimbwi likiwa zuri kwa macho. Kama sakafu inamchagulia samaki makazi huko porini, tangini itafanya vivyo hivyo.

Kuna mfugaji atakayesema: mimi nafuga samaki wa Kigoma, kwa hiyo matumbawe ndiyo dawa yangu. Kweli, maji ya Ziwa Tanganyika yana pH ya karibu 9, na samaki wa huko hawapendi maji ya tindikali. Lakini matumbawe yana kikomo. Maji yaliyoshiba chokaa yakiwa wazi kwa hewa hutulia karibu na 8.3, na hayapandi zaidi hata ujaze ndoo nzima. Ile 9 ya ziwa inatokana na bikaboneti za magnesiamu na sodiamu zilizojikusanya kwa muda mrefu sana. Anayeitaka aongeze bikaboneti ya soda kwa kipimo, asitafute mchanga zaidi.

Wala sisemi chokaa ifukuzwe kabisa. Bakteria wanaosafisha amonia hula alkali ya maji, kiasi cha gramu 7 kwa kila gramu moja ya naitrojeni ya amonia. Penye mchanga wa silika mtupu pH hushuka taratibu, na ikipita chini ya 6 bakteria wenyewe hulegea. Makombe machache kwenye mfuko wa wavu ndani ya chujio yanatosha kuzuia hilo. Mfuko unatolewa kwa mkono. Sakafu yote ya tangi haitolewi bila kuvuruga kila kitu.

Upimaji ni rahisi. Kausha kiganja cha mchanga, udondoshee siki: ukitoa mapovu una chokaa. Usipotoa, usiridhike, maana siki ni dhaifu na baadhi ya mawe hujibu polepole. Weka kikombe cha mchanga kwenye maji ya mvua, ambayo hayana chochote cha kuzuia mabadiliko, pima pH siku hiyo na upime tena baada ya wiki. Ikiwa imepanda vizuri, mchanga huo ni wa samaki wa Kigoma. Ikiwa haikusogea, ni wa neon wa Amazon na jamii zake.

Ombi langu kwa wauzaji wa Kisarawe na Kibaha ni moja. Andikeni kwenye kila kiroba mchanga umechimbwa wapi na ulijibu nini kwenye siki, na msichanganye mizigo ya machimbo mawili katika kiroba kimoja.