Waliovuka Moyale Walikuwa Jukumu la Nani?
Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti, baraza la wananchi, Burat



Machi 2018, wanajeshi wa Ethiopia waliua raia Moyale, upande wa kwao. Watu wapatao 10,000 wakavuka kuingia Kenya. Swali likawa: hao ni wa Ethiopia au ni wetu?

Mkataba wa wakimbizi wa Afrika wa mwaka 1969 unajibu. Nchi uliyokimbilia haikurudishi kwenye hatari. Nchi uliyotoka ina wajibu wa kukupokea vizuri unapoamua mwenyewe kurudi. Nchi iliyoelemewa inaweza kuomba wenzake wasaidie kubeba mzigo. Kwa hivyo ni jukumu la wote, ila anayeanza ni yule ambaye mtu amesimama kwenye ardhi yake.

Hili linatuhusu, kwa sababu barabara ya Moyale inapita Isiolo. Masuala ya wakimbizi ni ya Serikali Kuu, si ya kaunti, lakini mgeni hukutana nawe kwanza. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa siku 30 kujitokeza kwa afisa, hata kama alivuka bila karatasi. Ukimficha, unampotezea siku hizo. Usimtoze pesa, usimfanyishe kazi bure. Mpeleke kwa chifu aelekezwe.

Sisi ni wafugaji. Mtu akifika bomani usiku akikimbia, hupewa maji kwanza. Maswali huja baadaye.