Maneno ya Daktari Kabla ya Kisu

Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, katika bonde la Ruzizi mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu. Watu walitoka na ndoo na bidoni kuchota mafuta yaliyokuwa yakimwagika. Wengine walikuwa wamebanana kwenye vibanda vya sinema wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka, ulichukua roho za watu zaidi ya 230. Majeruhi walipelekwa hospitali za Uvira na Bukavu, baadhi yao kwa helikopta za Umoja wa Mataifa.

Kwa msikilizaji wa bonde la Ruzizi, basi, habari za upasuaji wa plastiki hazianzi na waigizaji wa Marekani na pua zao. Zinaanza na mtu aliyeungua. Wala hakuna kipande cha bidoni kinachoshonwa mwilini: jina hilo lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni kufinyanga. Ndani yake mna kazi mbili. Upasuaji wa kurekebisha huurudishia mwili kile ambacho moto, ajali au risasi imekiharibu, au ambacho mtoto amezaliwa hana, kama yule mwenye mdomo uliopasuka. Upasuaji wa urembo hufanywa kwa mtu asiye na ugonjwa, ila anataka sura nyingine.

Aliyeungua sana atasikia kwanza juu ya kupandikiza ngozi. Daktari huparua ngozi nyembamba, mara nyingi ya pajani, akaitandaza juu ya kidonda kilichokwisha kusafishwa. Ngozi hiyo imetenganishwa na mishipa yake ya damu, kwa hiyo siku za mwanzo inaishi kwa kulishwa na kidonda chenyewe. Ndiyo sababu mgonjwa hukatazwa kusogeza mkono au mguu uliopandikizwa. Damu ikijikusanya chini yake, au usaha ukiingia, ngozi inakufa na kazi inaanza upya. Na paja nalo linabaki na kidonda chake, tena chenye maumivu makali. Ni vizuri familia ielezwe hilo mapema.

Pakiwa na mfupa ulio wazi, ngozi nyembamba haishiki. Hapo huhamishwa kipande kinene, ngozi pamoja na mafuta yake na pengine msuli, chenye mshipa wake wa kukiletea damu. Karatasi za hospitali zetu huandikwa Kifaransa: ngozi ya paja itaitwa grefi, kipande kinene kitaitwa lambo. Anayetia sahihi anafaa kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Kisha kuna kovu linalokaza. Shingo iliyoungua ikaachwa ijiponye yenyewe inaweza kuvuta kidevu hadi karibu na kifua. Kiwiko kinakataa kunyooka. Daktari hulikata kovu na kulilegeza, lakini hurudi kukaza mgonjwa asipofungwa banzi na kunyooshwa kiungo siku baada ya siku. Mama anayemnyoosha mtoto mkono huku mtoto analia anafanya nusu ya kazi ya mpasuaji. Keloidi ni jambo jingine: hilo ni kovu linalovuka mipaka ya jeraha, na watu wenye ngozi nyeusi hulipata zaidi. Kulikata tu bila matibabu mengine, kama sindano ndani ya kovu, mara nyingi hulifanya lirudi, pengine kubwa kuliko mwanzo.

Ufundi huu ulikomaa vitani. Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alitengeneza upya nyuso za askari wa Uingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Binamu yake Archibald McIndoe aliwatibu marubani walioungua katika Vita ya Pili. Mwaka 1957 McIndoe, Michael Wood na Tom Rees, wote wapasuaji wa plastiki, walianzisha madaktari wa ndege wa AMREF. Kwa hiyo shirika ambalo Afrika Mashariki inalijua kwa ndege zake lilizaliwa na watu wa kushona ngozi.

Urembo nao una maneno yake, na simu zinayaleta hadi mitaa ya Uvira kama Kalundu na Mulongwe. Kunyonya mafuta hakutibu unene. Ni kupunguza sehemu moja tu. Sindano ya Botox hulegeza misuli ya uso kwa miezi mitatu au minne hivi. La kuogopwa zaidi ni kuhamishia mafuta makalioni: yakiingia kwenye mshipa mkubwa hukimbilia mapafuni, na makadirio yaliyotolewa mwaka 2017 yalitaja kifo kimoja katika kila wagonjwa 3,000. Ufaransa yenyewe, mwaka 2010, iliondoa sokoni matiti ya bandia ya kampuni ya PIP baada ya kugundulika kuwa yamejazwa silikoni ya viwandani. Na anayeahidi kukata ngozi pasipo kuacha kovu anasema uongo, hata akiwa na koti jeupe.

Msikilizaji atakayefikishwa mbele ya karatasi ya kutia sahihi na aulize kwanza, kwa Kiswahili: ngozi inatoka wapi, atapigwa ganzi au atalazwa usingizi kabisa, na nani atakayesafisha kidonda akisharudi nyumbani.