Masharti ya Kazi ya Mkubwa Anayewachunguza Polisi

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wajumbe wa matawi ya Kitui na Makueni waliokutana Wote. Twaichapa hapa kwa faida ya wanachama ambao hawakupata nafasi ya kuja.)



Tangu zamani kazi ya chama cha wafanya kazi ni kutazama masharti ya kazi: mshahara, saa za kazi, likizo, nyumba, na namna mtu anavyoachishwa kazi. Leo nataka tutazame barua ya kazi ya mtu ambaye si mwanachama wetu wala hatakuwa. Mtu huyo ni mwenyekiti wa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, ile ambayo watu wote huiita IPOA.

Najua wako watakaouliza: masharti ya mkubwa wa Nairobi yanatuhusu nini sisi tunaopakia mchanga, tunaoendesha bodaboda Emali na Mwingi, tunaofagia masoko, tunaofundisha katika shule za Mutomo? Jibu langu ni hili. Masharti yale hayakuwekwa kwa ajili ya starehe yake. Yaliwekwa kwa ajili ya yule mtu atakayepigwa virungu na askari asiwe na pa kushtaki.

Ndugu zangu, wahenga walituonya tusipeleke kesi ya ngedere kwa nyani. Lakini kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa katika nchi yetu. Ukipigwa na askari, ulikwenda kuandikisha malalamiko katika kituo kile kile, na aliyeshika kalamu alikuwa mwenzake yule aliyekupiga. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu 1,133 walikufa katika ghasia, na Tume ya Jaji Waki ikaona kwamba 405 kati yao walikufa kwa risasi. Tume hiyo ikapendekeza kuwe na chombo cha kuwachunguza polisi, chombo kilicho nje ya polisi.

Mwaka 2008 Serikali ilijaribu kwa njia ya mkato. Bodi ya kuwasimamia polisi ilitangazwa katika Gazeti la Serikali tu, pasipo sheria ya Bunge ya kuilinda. Sisi wafanya kazi twaijua sana hali ya namna hiyo. Ni hali ya kibarua. Aliyekuandika kwa tangazo aweza kukufuta kwa tangazo. Bodi ile haikufika mbali, na sikushangaa.

Ndipo ikaja Katiba ya mwaka 2010, na baada yake Sheria Namba 35 ya mwaka 2011 iliyounda IPOA. Watu wa hapa tusisahau kwamba watoto wetu walikuwa katika kazi hiyo. Kamati ya Wataalamu iliyoandika rasimu ya Katiba ile iliongozwa na Nzamba Kitonga, mwana wa Kitui. Na sheria ya IPOA ilipopitishwa, Waziri wa Haki na Mambo ya Katiba alikuwa Mutula Kilonzo, Mbunge wa Mbooni hapa Makueni. Wote wawili wamekwisha kututoka. Lililobaki ni maandishi, na maandishi hayana nguvu kama hayasomwi.

Basi tuyasome masharti, moja baada ya jingine, kama tunavyosoma mkataba wetu na mwajiri.

Sharti la kwanza ni namna ya kupata kazi. Mwenyekiti hapewi kazi kwa simu. Nafasi hutangazwa, watu huomba, na jopo la uteuzi huwahoji. Mtu hawezi kuwa mwenyekiti asipokuwa na sifa za kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Rais hupeleka jina Bungeni, na Bunge la Taifa likikubali ndipo mtu huteuliwa. Watatu waliokwisha kushika kiti hicho, yaani Macharia Njeru tangu 2012, Anne Makori tangu 2018, na Issack Hassan tangu 2024, wote ni mawakili. Mlango una makufuli mengi, na kila kufuli ina mwenye ufunguo wake, ili asiwepo mtu mmoja wa kusema, "Huyu ni wangu, mimi ndiye niliyemweka."

Sharti la pili ni muda. Miaka sita, basi. Hakuna kuongezewa kipindi cha pili. Hapa pana hekima ambayo mfanya kazi wa mkataba ataielewa upesi kuliko profesa. Nani kati yetu hajamwona mtu wa mkataba katika mwaka wake wa mwisho? Hucheka hata pasipo la kuchekesha. Anaona makosa ya msimamizi, lakini ananyamaza, kwa sababu karatasi ya kuongezewa muda itatiwa sahihi na msimamizi huyo huyo. Mwenyekiti wa IPOA hana karatasi ya kungojea. Akimpendeza mkubwa hapati mwaka wa saba, na akimchukiza hapotezi mwaka wa sita. Inspekta Jenerali wa Polisi naye Katiba imempa kipindi kimoja tu, miaka minne. Fikira ni ile ile: mtu ambaye hana la kuomba hana sababu ya kupiga magoti.

Sharti la tatu ni mshahara. Kiwango chake hupitia Tume ya Mishahara na Marupurupu iliyoundwa na Kifungu cha 230 cha Katiba. Wakubwa wa polisi hawana mkono katika jambo hilo. Nimesikia manung'uniko, na ni ya haki: mbona mishahara ya wakubwa hupangwa vizuri, na sisi kila shilingi twaipata kwa mapambano? Manung'uniko hayo tuyapeleke panapohusika, wala tusiyaache. Lakini tusichanganye mambo mawili. Kuuliza kama mshahara ni mkubwa mno ni swali moja. Kuuliza ni nani aweza kuukata mshahara kwa hasira ni swali jingine. Mchunguzi ambaye mshahara wake uko mfukoni mwa anayechunguzwa si mchunguzi, ni mtumishi wake.

Sharti la nne ni kuachishwa kazi. Kifungu cha 236 cha Katiba chasema kwamba mtumishi wa umma asionewe kwa kutimiza kazi yake, wala asifukuzwe, asishushwe cheo wala kuadhibiwa bila utaratibu wa sheria. Kwa mwenyekiti wa IPOA na wajumbe wa bodi yake, sababu za kuwatoa zimeandikwa katika sheria. Hatoki kwa sababu amemkera mtu. Hili ndilo tunalolidai sisi kila siku kwa mfagiaji na kwa mlinzi wa usiku: mwambie kosa lake, msikilize, kisha ndipo uamue. Kama ni haki kwa mkubwa, ni haki pia kwa mdogo.

Sharti la tano ni kazi yenyewe. IPOA huchunguza vifo na majeraha mabaya ambayo yametokea mikononi mwa polisi, hukagua vituo na mahabusu, na hutoa taarifa ya kazi yake kila miezi sita. Lakini haimshtaki mtu yenyewe. Ikikamilisha uchunguzi, hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na mahakama ndiyo huamua. Je, njia hiyo ndefu hufika? Imefika mara nyingine. Mwezi wa Agosti 2014 msichana wa miaka 14 alipigwa risasi na polisi nyumbani kwao, sehemu za Kinango, Kwale. IPOA ilichunguza, na mwaka 2016 maaskari wawili walihukumiwa kifungo cha miaka saba.

Sasa, ndugu zangu, nikisema masharti hayo yanatosha nitakuwa nawadanganya. Mnajua habari ya mwendesha bodaboda wa Mavoko, jirani zetu wa Machakos. Alipigwa risasi na askari mwaka 2015, akafanya lile ambalo sheria inamwambia afanye: alipeleka malalamiko IPOA. Tarehe 23 Juni 2016, wakitoka mahakamani Mavoko, yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi walikamatwa wakapotea. Miili yao ilipatikana katika mto Athi, karibu na Ol Donyo Sabuk. Mto huo ndio unaoshuka hadi kwetu ukawa mpaka kati ya Kitui na Makueni. Hukumu ilitoka mwaka 2022, na adhabu mwezi wa Februari 2023: askari mmoja kifo, wenzake wawili vifungo vya miaka 30 na miaka 24, na raia aliyewasaidia miaka 20.

Tujifunze nini? Mwenyekiti wakati ule alikuwa na miaka yake sita, na mshahara wake ulikuwa salama. Mlalamikaji hakuwa na ulinzi wowote. Kumpa mkubwa barua nzuri ya kazi ni kuweka nguzo ya kwanza ya nyumba. Bado kuna shahidi, ambaye yampasa alindwe. Bado kuna mchunguzi wa chini, yule anayesafiri na faili begani, ambaye masharti yake yapaswa kuwa imara kama ya bwana wake. Bado kuna fedha. IPOA hungojea fungu lake kwa Bunge kila mwaka, na mkono mtupu haulambwi.

Tazameni ukubwa wa sehemu zetu. Kwa hesabu ya watu ya 2019, Kitui ina watu 1,136,187 na Makueni 987,653. Kitui peke yake ni zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Mtu wa Kyuso au Mtito Andei aliyeumizwa hana nauli ya kwenda makao makuu Nairobi na kurudi mara tatu. Uhuru wa mwenyekiti kwake ni hadithi tu mpaka mchunguzi afike na kumsikiliza.

Tena kuna jambo ambalo lazima tulijue. IPOA haikuundwa na Katiba yenyewe. Iliundwa na sheria ya kawaida ya Bunge, na iliyoundwa hivyo yaweza kubadilishwa na Bunge kwa kura za kawaida. Miaka sita leo yaweza kuwa mitatu kesho. Kwa hiyo ulinzi wa mwisho wa masharti haya ni watu wanaoyajua.

Neno moja juu ya askari. Tusiwachukie. Konstebo naye ni mfanya kazi, naye huamka alfajiri, naye huhamishwa mbali na watoto wake. Katiba, katika Kifungu cha 24, imeruhusu haki zake za kazi zipunguzwe kwa sheria, na sheria ya polisi haimpi ruhusa ya kujiunga na chama kama chetu. Lakini IPOA yaweza kupokea malalamiko ya askari pia. Ikiwa mkubwa wake anamwonea, mlango huo ni wake vilevile. Mwenyekiti asiye na hofu humfaa raia, na humfaa askari mwema.

Basi tufanye nini? Nina mambo matatu.

La kwanza, kila tawi liwe na mtu mmoja anayejua kuandika malalamiko. Mambo yanayotakiwa si magumu: tarehe na saa, jina la kituo, namba ya OB ikiwa ilitolewa, namba ya askari au ya gari ikionekana, majina ya walioona, karatasi za hospitali na fomu ya P3. Andikeni siku ile ile. Baada ya mwezi mmoja watu husahau, na mawakili hupata pa kupenyea.

La pili, mtu akilalamika asiachwe peke yake. Twendeni naye kituoni, twendeni naye mahakamani. Yule wa Mavoko alikuwa na wakili shujaa, lakini watu wachache ni rahisi kupotezwa. Watu hamsini si rahisi.

La tatu, bodi ya sasa iliingia mwaka 2024, maana yake nafasi zitakuwa wazi tena mwaka 2030. Sheria ya mwaka 2011 juu ya uteuzi unaopitishwa na Bunge inampa mwananchi ye yote ruhusa ya kupeleka maandishi ya kiapo kwa Karani wa Bunge, akieleza kwa nini mtu fulani hafai. Ruhusa hiyo si ya mawakili peke yao. Fundi wa Kibwezi na mwalimu wa Mwingi wanayo. Wakati huo ukifika, tawi lisomewe majina, tuulizane: huyu amewahi kusimama na mnyonge lini, na mbele ya nani?

Ndugu wanachama, tumezoea kupigania barua zetu za kazi. Barua ya mwenyekiti wa IPOA nayo tuilinde, si kwa kumpenda yeye, bali kwa sababu siku mmoja wetu atakapotupwa sakafuni mwa mahabusu, usalama wa barua ile ndio utakaoamua kama mlango utabishwa hodi au hautabishwa.

Umoja ni nguvu.