Mwaka wa Kwanza wa Sindano



Heroini ilifika pwani yetu ya Afrika Mashariki miaka ya 1980, na kwa muda mrefu ilikuwa ya kuvutwa, ikichanganywa na bangi katika sigara iliyoitwa kokteli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaenea unga mweupe, unaoyeyuka majini bila taabu. Sindano ikafuata, na nyuma yake VVU.

Ukipima damu za wanaojidunga, kwa kawaida virusi utavikuta zaidi kwa wenye umri mkubwa. Aliyejidunga miaka 15 amepitia hatari nyingi kuliko aliyeanza juzi, na dawa za kufubaza virusi zimemweka hai hata akahesabiwa. Hapo ndipo mipango yetu inapopotoka, kwa sababu maji yaliyojaa mtungini hayasemi yalimiminwa saa ngapi. Tuulize nani anaambukizwa sasa. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi, ulioongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol na kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha kuwa wanaojidunga wenye umri wa miaka 25 hivi kushuka chini wanaambukizwa kwa kasi mara 1.5 ya wakubwa wao.

Wengi wataniambia ni papara ya ujana. Nakataa. Sindano ya kwanza ina utaratibu wake. Anayeanza hajui kutafuta mshipa, hana bomba lake la sindano, na mara nyingi hana hata fedha ya kete nzima. Hudungwa na mwenyeji wa maskani wanakokutana watumiaji, ambaye hujidunga kwanza. Kisha bomba lile lile, likiwa na mabaki ya damu, humwingia mgeni. Basi kijana anakuwa wa pili kwenye sindano ya mtu ambaye, kwa miaka yake ya kutumia, ndiye mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na virusi.

Kwa msichana hatari huja kwa njia mbili, maana anayemdunga mara nyingi ndiye mpenzi wake, kamzidi umri, ndiye mleta unga, na habari ya kondomu haizungumzwi. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kutoka Dar es Salaam kwamba baadhi ya wanawake waliokuwa wakiuza miili walijidunga, wakavuta damu yao ndani ya bomba, wakampa mwenzao asiye na fedha ajidunge damu hiyo ili arosto, yaani mateso ya kukosa unga, impungue. Ilikuwa huruma, nayo ingeweza kuua. Katika utafiti mmoja wa jijini humo miaka hiyo, zaidi ya nusu ya wanawake wanaojidunga walikuwa na VVU, ilhali wanaume hawakufika theluthi.

Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini. Zanzibar na pwani ya Kenya zikafuata. Najivunia kazi hiyo. Lakini wengi wanaojiandikisha wana miaka thelathini na kitu, wametumia kwa muda mrefu, na mwaka wao wa kwanza wa sindano, wenye hatari kubwa, umekwisha kupita. Kijana haji. Bado hajioni kuwa teja, anamficha mama yake, anaogopa polisi, na kunywa dawa kila siku mbele ya muuguzi anaona ni jambo la waliochoka. Tangu 2019 sheria ya Tanzania Bara inamruhusu mwenye miaka 15 kupima VVU bila idhini ya mzazi. Hilo limsaidie vipi, ikiwa hakuna anayemfikia?

Ninaomba mambo mawili. Kadi ya kila mteja ionyeshe mwezi na mwaka aliojidunga mara ya kwanza, tuache kukisia. Na wateja wakongwe wa methadoni walipwe, kama wafanyakazi wengine wa afya, warudi maskani na mabomba safi, wakawazuie wenzao kumdunga mtu ambaye hajawahi kujidunga. Uingereza ilijaribu kazi ya namna hiyo tangu miaka ya 1990. Wakongwe wetu wanawajua vijana hao kwa majina, na wanajua nani yuko karibu kuacha kokteli akaomba sindano.