Wakanda ya Pili, Ilivyoonekana kutoka Chatsworth

Leo nawaomba mnifuate hadi Chatsworth, kitongoji kilichoko kusini ya jiji la Durban, katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Hapa ndipo ninapoishi kwa zaidi ya miaka 20 sasa, mimi mzaliwa wa Tanga, na hapa ndipo nilipoipenda filamu moja ya Marekani mapenzi ambayo mtu wa umri wangu huona haya kuyakiri mbele ya maikrofoni. Filamu yenyewe ni Black Panther ya mwaka 2018. Mazungumzo yangu, hata hivyo, yanahusu ile iliyoifuata, Black Panther: Wakanda Forever, iliyotoka Novemba 2022. Nimeitazama mara tatu, na bado moyo wangu haujapatana nayo.

Kwa yule asiyeijua hadithi hii, Wakanda ni nchi ya kubuni. Waliibuni Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby, katika kitabu cha katuni cha mwaka 1966. Ni nchi ya Kiafrika ambayo haikupata kutawaliwa na mgeni wala watu wake kuuzwa utumwani, yenye madini ya ajabu yaitwayo vibranium, na mfalme wake, T'Challa, huvaa vazi la chui mweusi anapokwenda vitani. Filamu ya kwanza inaiweka huku kwetu Afrika Mashariki, jirani ya Kenya, Uganda na Ethiopia. Ajabu ni kwamba wenyeji wake wanasema Kixhosa, lugha ya Afrika Kusini! Aliyesababisha hayo ni John Kani, mwigizaji mkongwe wa nchi hii, ambaye alipoigiza baba wa T'Challa katika filamu nyingine ya mwaka 2016, Captain America: Civil War, alipendekeza kwamba mfalme na mwanawe wazungumze lugha yake ya mama. Likakubaliwa, na tangu siku hiyo Wakanda nzima ikawa ya Waxhosa. Sisi Waswahili tuliambulia majina mawili matatu: yumo mzee mmoja aitwaye Zuri, na lipo kabila la milimani liitwalo Jabari.

Lugha ya Afrika Kusini imepelekwa Afrika Mashariki. Nililifanyia jambo hilo mzaha siku nyingi, hadi nilipofahamu kwamba jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mtu wa safari ya kinyume chake.

Jirani huyo ni mzee aliyekwisha kuvuka miaka 80, mmoja wa wale wanaoitwa hapa Wazanzibari. Agosti 1873, mwaka uleule ambao Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, manowari ya Kiingereza iitwayo Briton iliingia bandari ya Durban ikiwa na watu 113 waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Wengine wakaletwa katika miaka iliyofuata. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, ila jina la Zanzibar ndilo lililowaganda. Uhuru waliopewa ulikuja na masharti, kwa kuwa mara tu walipokanyaga nchi kavu walifungwa mikataba ya kazi kwa walowezi wa Natal, kama walivyofungwa Wahindi waliokuwa wakiletwa tangu 1860 kulima miwa. Baadaye waliweka makazi yao Kings Rest, kwenye kilima cha Bluff kinachoitazama bahari. Wakajenga msikiti, wakazika wafu wao, wakawasomesha watoto wao.

Ikaja serikali ya ubaguzi wa rangi na sheria yake ya mwaka 1950 ya kugawa makazi kwa rangi za watu. Watu hawa wakawa fumbo kwa makarani wa serikali: ni weusi, lakini si Wazulu, ni Waislamu wengi wao, lakini si Wahindi, wala si machotara. Mwishowe wakaandikwa kuwa ni "Waasia wengine". Naam, Wamakua wakawa Waasia kwa kalamu! Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakang'olewa Kings Rest na kuhamishiwa Chatsworth, kitongoji kilichojengwa kwa ajili ya Wahindi, wengi wao wakapangwa sehemu ya Bayview. Mzee wangu alikuwa kijana wakati huo. Anasema kilichomuuma zaidi kuliko nyumba ni kuacha kuisikia bahari usiku.

Nimeyaeleza haya kwa urefu, wasikilizaji wapenzi, kwa sababu pasipo hayo hamtaelewa kwa nini mjukuu wa mzee huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 12, alitoka katika filamu ya kwanza akiwa kimya. Nilikuwa nimempeleka mimi. Ukumbini palikuwa na shangwe tupu. Wazulu waliwacheka kwa upendo Wamarekani waliokuwa wakihangaika na sauti za Kixhosa. Na M'Baku, mkuu wa Jabari, alipomtukuza Hanuman, majirani zangu Wahindu, ambao wengine hutundika bendera nyekundu za Hanuman nje ya nyumba zao, walipiga makofi. (Nchini India kwenyewe jina hilo lilifutwa katika sauti ya filamu.) Lakini kijana alikuwa amekamatwa na Killmonger, yule adui aliyezaliwa Marekani, binamu wa mfalme, aliyerudi kudai kiti na kuuliza swali moja zito: nyinyi mliokuwa na nguvu zote hizi, mlikuwa wapi sisi tulipokuwa tukichukuliwa? Anapokufa anaomba atupwe baharini, walikozikwa wale waliojirusha kutoka merikebuni kwa kuuchagua umauti kuliko minyororo. Njiani kurudi, kijana aliniuliza, "Anko, na sisi hakuna aliyetufuata?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia amuulize babu yake. Nikabaki nikingoja filamu ya pili kama mtu anayengoja barua.

Ilipokuja, iliyakuta mengine. Chadwick Boseman, aliyekuwa T'Challa, alifariki dunia tarehe 28 Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na umri wa miaka 43, na maradhi yake aliyaficha hata kwa wengi waliofanya naye kazi. Mkurugenzi Ryan Coogler alikataa kumweka mtu mwingine katika nafasi yake. Akaandika upya, na mfalme akafa katika filamu kama alivyokufa mwigizaji. Hapa sina ila sifa. Mwanzoni mwa filamu, mahali ambapo watengenezaji hupitisha nembo yao kwa muziki wa kishindo, safari hii inapita sura ya Boseman peke yake, bila sauti yoyote. Ukumbi wetu wa sinema huko Westville, uliojaa vijana wenye bisi na simu mkononi, ulinyamaza kama msikiti kabla ya takbiri. Nimehudhuria matanga mengi yasiyokuwa na utulivu ule.

Mazishi yenyewe ni ya watu waliovaa nyeupe, na sisi wa pwani tunayo nyeupe yetu ya eda. Lakini lililoniingia zaidi ni jambo dogo ambalo mtu angeweza kulipita. Malkia Ramonda, anayeigizwa na Angela Bassett kwa uzito wa ajabu, anamwita bintiye Shuri baada ya mwaka mmoja, waketi kando ya maji, wachome nguo walizovaa msibani ili wakati wa kuomboleza ufungwe. Shuri anakataa. Anasema akianza kumfikiria ndugu yake atataka kuiunguza dunia, si nguo tu. Wazulu na Waxhosa wanayo desturi ya kuchoma nguo za msiba mwaka unapotimia, kwa hiyo pembeni yangu mama mmoja wa Kizulu alijibu kwa mguno, kama tunavyoitikia katika hotuba. Alijua anachoonyeshwa.

Kama filamu ingebaki hapo, katika nyumba ya wafiwa, ningewaambieni leo kwamba imeishinda ile ya kwanza. Haikubaki.

Adui wa safari hii ni Namor, mfalme wa Talokan, watu waishio chini ya bahari. Wazee wao walikuwa Wamaya wa Yucatán, katika Meksiko ya leo, ambao katika karne ya 16 waliwakimbia Wahispania na maradhi waliyokuja nayo, wakala mmea wa ajabu, wakapata uwezo wa kupumua majini. Namor alipokuwa mtoto alirudi nchi kavu kumzika mama yake, akawakuta ndugu zake wakifanyishwa kazi kama wanyama katika shamba la Mhispania, akalitia moto. Tenoch Huerta anamwigiza kwa haya na ghadhabu zikichanganyika, na watu wake wanasema Kimaya. Nilipoyaona hayo nilisogea mbele ya kiti. Nikasema moyoni, sasa wamefika! Watu waliokimbia minyororo kwa kuingia baharini, mbele ya watu waliojificha milimani wakati wengine wakivushwa bahari hiyohiyo. Hao wakikutana watakuwa na mengi ya kuulizana.

Wanaulizana kwa dakika chache, Namor na Shuri, katika mji wa chini ya maji, kisha wanapigana. Kisa chenyewe ni mashine ya kutafuta vibranium, iliyobuniwa na msichana mwanafunzi wa Kimarekani na kutumiwa na serikali ya Marekani baharini. Namor anataka msichana auawe, Wakanda inamlinda, mji unagharikishwa, Ramonda anazama akimwokoa binti huyo. Shuri anageuka Black Panther mpya akiwa na kisasi kifuani, na nchi isiyo na pwani inapanda meli kwenda kupigana katikati ya Atlantiki.

Mzee jirani safari hii tulikuwa naye. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, Kiingereza chake ni cha Durban, na Kimakua anakihifadhi kwa mambo mazito. Tulipotoka, mjukuu, ambaye sasa alikuwa na miaka 16 na ndevu za kuhesabika, alikuwa akisifu vazi jipya la Shuri. Mzee akanigeukia.

"Mwanangu, wale wa majini walifukuzwa na nani?"

"Na Wahispania, mzee."

"Na ile mashine ni ya nani?"

"Ya Wamarekani."

"Sasa mbona waliokufa ni hawa na hawa?"

Nilijaribu kuitetea filamu. Nikamkumbusha kwamba Wafaransa nao wanaonyeshwa mwanzoni wakitaka kuiba vibranium nchini Mali, wakakamatwa na kuaibishwa mbele ya Umoja wa Mataifa. Na kweli, Februari 2023 waziri wa majeshi wa Ufaransa, Sébastien Lecornu, aliilalamikia hadharani sehemu hiyo. Nikamwambia kwamba Shuri mwishoni anamwacha Namor hai na mataifa hayo mawili yanapatana. Mzee akasikiliza kwa adabu. Hakuridhika, na nikiwa mkweli, mimi pia sikuridhika. Wenye kosa hawamo vitani. Wanatazama wakiwa ofisini Marekani, wakitupiana vichekesho, na kila mara filamu inaporudi kwao, moto uliowashwa na msiba wa mwanzo unapoa. Yumo na yule mwanafunzi, kijana hodari, ambaye nilihisi ameletwa kwa ajili ya hadithi nyingine itakayouzwa baadaye. Na kweli mwaka 2025 alipata tamthilia yake mwenyewe, Ironheart. Dakika 161 ni nyingi. Thelathini kati ya hizo ningezirudisha dukani.

Kuna kosa jingine, nalo kwangu ndilo kubwa. Swali la Killmonger halijibiwi. Anatokea, ndiyo: Shuri anapokunywa dawa ya maua na kwenda kwa wahenga, anayemkuta huko si mama yake wala kaka yake, bali binamu huyo, akimuuliza kama atalipiza kisasi. Ni tukio kali, pengine bora kuliko yote. Lakini anazungumza juu ya Shuri tu. Mtoto wa miaka 12 aliyetaka kujua kwa nini hakuna aliyewafuata watu wake, filamu haikurudi kumtafuta.

Ndivyo nilivyodhani, mpaka sekunde za mwisho. Shuri anakwenda Haiti, kwa Nakia, anayeigizwa na Lupita Nyong'o wa kwetu Kenya. Anaketi ufukweni, anawasha moto, anazichoma zile nguo. Kisha Nakia anamletea mtoto wa kiume wa miaka sita hivi, mtoto wa marehemu, aliyefichwa na kulelewa huko. Jina lake la Haiti ni Toussaint, jina la yule aliyewaongoza watumwa wa kisiwa kile kujikomboa. Anaulizwa jina lake jingine, analitaja: ni la baba yake, la ufalme. Mrithi wa nchi isiyopata kuuzwa amelelewa katika nchi ya wale waliouzwa. Hakuna mtu anayelifafanua hilo kwa maneno.

Tulirudi Chatsworth kwa gari langu, kupitia barabara ya Higginson, mvua ya Novemba ikinyesha. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema. Kisha kijana, aliyekuwa kiti cha nyuma, akauliza, kwa Kiingereza, kama na yeye analo jina jingine. Mzee hakujibu mara moja. Alianza kueleza, akichanganya lugha zake zote tatu, kwamba kwa Wamakua ukoo haufuati baba, wala haufuati babu kama yeye aliyezaa mama, hufuata tumbo. Ukoo wa kijana ni ule wa bibi yake, marehemu, aliyezaliwa Kings Rest. Akalitaja jina lake.

Kijana akalirudia vibaya. Mzee akamsahihisha. Akalirudia tena, nami nikapunguza mwendo, kwa kuwa tulikuwa tumekaribia nyumbani na jina lilikuwa bado halijamkaa vizuri mdomoni.