Tusafishe Ndani ya Bomba



Sisi mafundi wa reli twajua kuunga bomba la shaba likapendeza kwa nje. Leo tutazame ndani. Moto wetu hupita digrii 450 za Sentigredi, na hewa iliyomo bombani ina oksijeni sehemu 21 katika 100. Shaba ikikutana na vitu hivyo viwili hufanya magamba meusi. Baadaye hubanduka, yakaziba vali. Na bomba likiwa la hospitali, huenda na gesi hata kwa mgonjwa.

Dawa yake ni naitrojeni. Kwanza tuitumie kuitoa hewa yote, kisha ipite polepole tunapounga, wala tusiifunge mpaka bomba lipoe. Mwisho wa bomba uwe wazi, gesi ipate kutoka. Tusitumie oksijeni kamwe badala yake. Madirisha pia yafunguliwe, maana naitrojeni haina harufu, nayo ikijaa chumbani huua.

Basi ndugu, tukiambiwa mtungi wa naitrojeni ni gharama, tujibu kwa adabu na kwa umoja: mtungi kwanza, kazi baadaye. Bomba likiwa chafu, lawama humwangukia fundi, si aliyemnyima mtungi.